Nilikimbia, Shemeji

Bukhayo, Jumapili

Shemeji Oduori,

Salamu kutoka huku nyumbani. Watoto hawajambo, na mihogo imeshika vizuri.

Najua umesikia kwamba mjane wa ndugu yako alionekana amevaa kaptura barabarani Malaba. Ni kweli. Akiror na Winny, niliokimbia nao timu moja chuoni, walikuja kunichukua tushiriki mbio za kwenda Amukura. Niliwaambia bado naomboleza. Akiror akasema, "Marehemu Robinson ndiye aliyekuwa akitubebea maji uwanjani. Angekukataza?" Nikavaa viatu.

Tulianza vizuri, tukapita foleni ya malori, madereva wakitushangilia. Kwenye mlima, machozi yakanijia, yale yaliyokataa kutoka siku ya mazishi. Nilitaka kuketi kando ya barabara. Winny akanishika kiwiko.

"Lia, dada," akasema, "lakini usisimame."

Basi nikalia huku nakimbia mpaka yakaisha, na hawakuniacha. Tulifika karibu wa mwisho, tumeshikana mikono. Jana nililala usingizi kamili, mara ya kwanza tangu tumzike.

Sasa, kuhusu wewe kunirithi, jambo ulilomtuma Mzee Methuselah aniulize, jibu langu ni hapana. Si kwa ubaya. Shamba nitalilima, na watoto watabaki wa ukoo wenu. Wewe ni baba yao mkubwa, na mlango huu hautafungwa kwako. Njoo ule nasi Jumapili ijayo, na uje na mkeo.

Ni mimi ninayekuhesabu kaka,
Roselida