Kurasa za Dawa Zinatoka kwa Kiingereza, na Mchumba Wangu Anataka Ninyamaze

Shangazi Nabwire, nisaidie kabla sijaamua vibaya. Naishi Kawangware, naandika programu za kompyuta kwa ofisi moja mjini, na mchumba wangu Khaemba tunafanya naye kazi hapo hapo, harusi yetu ni Desemba. Tulitengeneza kurasa za intaneti za kueleza matibabu ya TB, na kompyuta moja ikawekwa kwa chumba kimoja mtaa wa Makina ili yeyote aingie asome. Sasa kompyuta ikiomba ukurasa huwa inatuma pia lugha inazotaka, kila moja na uzito wake kati ya sifuri na moja, na ile ya Makina inaomba Kiswahili kwa nukta tisa na Kiingereza kwa nukta tatu, yaani lete Kiswahili kwanza. Khaemba ndiye aliandika sehemu ya kusoma huo uzito, na akaupa nafasi ya namba nzima tu, kwa hivyo kila kitu baada ya nukta kinakatwa, zote mbili zinakuwa sifuri, lugha zinatoshana, na programu inachukua ya kwanza iliyo nayo, Kiingereza. Ofisini hatukugundua kwa sababu tulijaribu na Kiswahili peke yake, bila uzito.

Wiki jana nilienda Makina nikakuta mama anaitwa Nereah, anauza omena, wale samaki wadogo, anakohoa mpaka anashika ukuta. Ukurasa unasema baada ya miezi miwili urudi kliniki ubadilishiwe dawa uendelee, lakini yeye aliusoma kwa Kiingereza akaacha dawa. Aliniambia, “Niliona two months, nikajua nimemaliza.”

Nilimwambia Khaemba, akasema tungoje aandikwe kazi ya kudumu mwisho wa mwezi, kwa sababu bosi anatafuta mtu wa kupunguza. “Ukisema sasa,” akaniambia, “ni wewe umenifuta kazi.” Kurekebisha ni kazi ya nusu saa, unazidisha uzito kwa elfu kisha unauweka kama namba nzima, nukta tisa inakuwa mia tisa, nukta tatu mia tatu. Ningeweza kufanya kimya kimya, lakini wengine waliosoma hawatatafutwa. Nampenda, Shangazi, na mamake huko Bungoma anamtegemea. Nifanye nini?

Musimbi, Kawangware

Musimbi, pole. Naona unampenda, na kosa lenyewe ni la kawaida, hata wewe ulijaribu programu likakupita. Lakini nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali umesema Nereah amerudi kliniki, na sijapaona. Kazi ya nusu saa, na bado ulipata muda wa kuniandikia mimi?

Rekebisha programu leo, usiombe ruhusa ya mchumba. Kisha mwambie Khaemba mwende kwa bosi pamoja, yeye aseme alichoandika na wewe useme ulivyojaribu vibaya, na muombe wanaosimamia chumba cha Makina wawatafute wote waliosoma. Akifutwa, mtahangaika pamoja, na mamake ataelezwa. Akikataa kwenda, nenda peke yako na uahirishe harusi, kwa maana anayekuomba ungoje mwisho wa mwezi ameshasikia huyo mama anavyokohoa.

Lakini kabla ya bosi, pitia Makina. Usimpelekee Nereah karatasi yoyote. Keti naye kando ya omena zake, umwambie kwa mdomo kwamba dawa haijaisha, halafu simama mwende kliniki.