Komeo la Ndani

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, ila cherehani imeanza tena kukata uzi, na mama mwenye nyumba kanipakia chumba rangi ya kijani, utadhani zahanati. Gauni nililoshona kwa kile kitambaa chako limenikaa vizuri.

Yule seremala niliyekugusia bado yupo. Juzi aliona michubuko sakafuni, ninapoburuta kabati kila jioni kuuziba mlango. Leo mchana kaja na komeo, kalifunga upande wa ndani.

“Jifungie,” akasema akitoka. “Nione kama linashika.”

Nikafunga. Akausukuma mlango kwa bega, mara moja tu. Dada, nilimsikia Baba. Nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya kabati kama tulivyokuwa tukikaa, wewe ukiniziba mdomo.

Nadhani alinisikia nikilia. “Linashika,” akasema taratibu. “Hata mimi siwezi kuingia. Usifungue mpaka utake mwenyewe.”

Nampenda, na hilo ndilo linaloniogopesha. Baba naye alikuwa mpole mbele ya watu, mpaka majirani wakatuona tuna bahati. Wewe ulimjuaje shemeji kwamba si wa namna hiyo? Hujawahi kuniambia.

Naandika hapa hapa sakafuni. Yeye yuko kibarazani, anapiga msasa kigoda cha mwenye nyumba. Barua hii ikikufikia, basi ujue nilifungua.

Mdogo wako