Nondo wa Jikoni Mwako

Mama,

Naogopa, na wa kumwambia sina mwingine.

Tangu tukuzike sijawasha moto jikoni mwako. Napikia makaa barazani kama mpangaji. Nikisukuma ule mlango nakiona kigoda chako, nageuka. Masuke ya mtama wa mbegu, ule uliokuja nao kutoka Petta ulipoolewa hapa Sikuda, nikayaacha yananing'inia juu ya mafiga bila moshi. Sikufikiri. Kumbe moshi ndio uliokuwa unayalinda.

Jioni moja nondo akatua kwenye picha yako sebuleni. Mdogo, hazidi punje ya mchele. Rangi yake ya majani makavu, mabawa membamba yenye nyuzinyuzi pembeni kama khanga iliyofumuka upindo. Nikainua kandambili. Shangazi akanidaka mkono: "Usiue! Huyo ni mama yako amekuja kuona nyumba."

Nikaamini. Nilitaka sana kuamini, Mama. Kila jioni nikakusalimia, nikakupa habari za sokoni mpakani. Wakawa wawili, wakawa kumi. Hata hapo sikujiuliza mtu anakuwaje na mama kumi.

Jana mawingu yalipotanda, ikabidi niingie kuchukua mbegu. Niligusa suke, unga ukanimwagikia mkononi. Punje zina matundu, ndani hamna kitu. Nondo wakaruka wote usoni kwangu. Mungu wangu! Nilikimbia mpaka barabarani, nguo zimenijaa vumbi la mtama wako.

Hakuna mwingine aliye nayo mbegu hii. Hata Petta siku hizi wanapanda ya dukani. Na wewe ulikuwa unasema, "Mtama huu ukiisha, na mimi nimeisha." Usiku kucha nimeyarudia maneno hayo.

Katikati ya fungu lililoning'inia nimepata masuke matatu mazima. Nimeyaweka kando. Leo nimekalia kigoda chako, nimewasha kuni mbichi, moshi unaniliza. Nisipowaua nondo hawa kwa moshi huu, watamaliza na haya matatu. Nikiwaua... Shangazi amekataa hata kusogea hapa.

Kwaheri, Mama. Haya matatu nitayapanda kwa mkono wangu, na moto huu sitauacha uzimike tena.

Mlango nimeuacha wazi. Kama yumo hata mmoja ambaye ni wewe, tafadhali toka sasa. Naufunga.

Binti yako,
Nekesa