Neno Nililoliruka

Kwako kaka yangu,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na binti yetu. Natumaini barua hii inawakuta wazima, na kwamba lile goti lililokuwa likikusumbua ukipanda ngazi limetulia. Mimi ni mzima wa mwili. Ukiniuliza ya moyo, hayo ndiyo yaliyonikalisha mezani tangu asubuhi, siku yangu ya mapumziko, nguo nimeziloweka kwenye beseni na sijazigusa.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Haya nimeyaandika kwenye simu mara tatu nikayafuta. Simu humfanya mtu akatize maneno, na kukatiza maneno ndiko kulikotufikisha hapa. Kwa hiyo nakuomba usome mpaka mwisho, hata ukikasirika. Utakasirika.

Kwanza habari za kazi, maana huanzi barua bila kuziuliza. Maabara ipo palepale ghorofa ya pili, na lifti ni mbovu vilevile. Panya wangu sasa wamepita mia mbili. Naosha vizimba, nabadilisha maranda, najaza chupa za maji, naandika tarehe za kuzaliwa kwenye kadi. Nyumbani mnaniita Daktari, nami nimekuwa nikiitika. Daktari mwenyewe kazi yake ni kuzoa mavi ya panya kwa koleo dogo.

Wiki mbili zilizopita wifi aliniandikia. Usimnunie, hakuna alichosema kwa ubaya. Anasema daktari wa masikio amekuita tena kuhusu kile kifaa cha kupandikiza ndani ya sikio, na safari hii amesema wazi kwamba mwisho wa mwezi huu jina lako linafutwa kwenye orodha ya wanaokingojea. Alieleza kuwa mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kichwani ukikaa miaka mingi bila kazi, unasahau kazi yenyewe, na wako umeshakaa mitano. Wifi anasema ulimrudishia karatasi ya kukubali upasuaji bila kuitia saini, ukamwambia, kwa ile sauti yako ya kupiga kelele ambayo huijui tena, "Usinichimbie shamba, mbegu inakuja." Yeye hakuelewa ni mbegu gani. Mimi nilielewa.

Aliniandikia pia kisa cha kinyozi, nadhani ili nicheke. Eti kinyozi wenu alitaka kukukata zile nywele zinazochungulia masikioni, ukamshika mkono ukamwambia aziache, dada yako daktari amesema nywele ndizo zinazosikia. Kinyozi akawasimulia wenzake, watu wakacheka mpaka wengine wakashuka vitini, na wewe ukacheka nao bila kujua unachekwa. Tangu siku hiyo hujazikata, na wifi anasema sasa ni kichaka. Nilicheka na mimi, peke yangu jikoni. Halafu nikafikiri kwamba ulikuwa ukitania nusu tu, na ile nusu nyingine ikanikata kicheko.

Vinywele ninavyovisema mimi haviko hapo, kaka. Viko ndani kabisa, kwenye kifuko kilichojikunja kama konokono, na kwa macho matupu havionekani. Sauti ikiingia, vinayumba, na kule kuyumba ndiko kusikia. Wewe ulivivunja vyako ndani ya matangi, miaka kumi na minne ukigonga mabati kwa nyundo huku umefungiwa na mlio wako mwenyewe, vizibo vya masikio vimekaa mfukoni kwa sababu mafundi wenzako waliviita nyonyo za watoto. Na kwa mwanadamu vikivunjika havioti tena. Kuku vyake vinaota. Nilipokuandikia hilo ulinijibu kwamba ukifa utaomba kuonana na aliyepanga mambo haya, umuulize kuku anasikiliza nini cha maana. Nimekuwa nikiwasomea watu jibu hilo.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Miaka minne iliyopita nilikuandikia kwamba hapa kwetu vinywele vya panya vimeota upya. Nilikuandikia kwa kalamu ya bluu, ukurasa mmoja, na najua umeuhifadhi, maana wifi anasema umekunjwa ndani ya pochi ya kitambulisho chako. Utoe sasa, uusome. Nimeandika: "Panya waliopoteza vinywele wameota vingine." Ni kweli. Ila pale baada ya "panya" palikuwa na neno, na nililiruka.

Neno lenyewe ni vichanga. Panya vichanga, wa siku mbili tatu, wekundu kama kidole kilichoungua, ambao hata masikio yao hayajafunguka. Hao ndio walioota. Wiki moja baada ya kuzaliwa uwezo huo unakwisha, na panya mkubwa ni kama wewe na mimi. Yaani wanaoweza kurudishiwa ni wale ambao hawajawahi kusikia kitu. Tulilijua hilo siku ileile. Profesa wetu ana sheria moja tu ambayo huirudia mpaka inachosha, na siku ile aliirudia akiwa amesimama mlangoni ametuzuia kutoka:

"Mtu asitaje panya nje ya mlango huu bila kutaja vichanga. Huko nje kuna watu wanaosubiri."

Nilimsikia vizuri. Mimi masikio yangu ni mazima.

Utataka kuamini kwamba niliruka kwa huruma, kwamba nilikuona umekata tamaa nikataka kukutia moyo. Hata mimi nilijidanganya hivyo kwa muda. Ukweli ni kwamba ulikuwa umenidharau miaka yote. Hujasahau yale uliyoyasema mbele ya wajomba, siku ya matanga ya baba, kwamba mimi ndiye msomi wa ukoo na usomi wangu umeishia kulisha panya. Wote walicheka na mama akainamisha uso. Kisha masikio yakakutoka, na mimi nikawa na habari ambayo hakuna mwingine katika ukoo mzima aliyekuwa nayo. Nilitaka unihitaji. Nikaandika sentensi ile, nikaitazama bila lile neno, nikaona inapendeza zaidi. Ukajibu baada ya siku tisa. Ulianza na "Mdogo wangu mpendwa," ambayo hukuwa umewahi kuniandikia, ukamalizia kwamba sasa umebaki na mimi tu. Niliisoma barua hiyo kwenye chumba cha vizimba, nikajiona mkubwa.

Miaka miwili baadaye daktari wa masikio alikuita mara ya kwanza, ukakataa, na nikajua kwa nini umekataa. Kupitisha ule uzi wa kifaa ndani ya konokono kungeweza kuharibu vinywele vichache ulivyobakiza, na wewe ulikuwa ukilinda mahali pa vile vipya. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikajiambia tumeanza majaribio ya panya wakubwa, huenda yakafaulu, na hapo uongo wangu ungekuwa umegeuka kuwa kweli bila mtu kujua. Nikanyamaza. Nikawa naingia kazini namwombea panya.

Ukakataa na darasa la lugha ya alama. Ulisema huwezi kurusha mikono kama mtu anayefukuza nzi, wakati masikio yako yako njiani. Wifi akaenda peke yake, kila Jumamosi, na mtoto. Sasa anasema wanapokula binti yako anasimulia ya shuleni kwa mikono, haraka, na wewe unatazama sahani. Juzi alikuja nyuma yako akafanya alama ya "baba" mgongoni kwako usikoona, mara nyingi, kama mchezo, kisha akaenda zake. Una binti wa miaka saba anayejua kuzungumza na kiziwi, na kiziwi mwenyewe hayupo.

Mwezi uliopita Profesa alifunga majaribio ya wakubwa. Miaka miwili, na katika masikio yote yale viliota vinywele vichache sana vilivyopinda, na hakuna hata kimoja kilichounganika na mshipa. Panya akilazwa na kuchezewa sauti, mstari kwenye skrini ulikuwa umelala, wiki baada ya wiki. Mimi ndiye niliyebeba vizimba vyao vya mwisho. Kabla ya kuvitoa nilipiga makofi juu yao, kwa nguvu, mpaka viganja vikaniwaka. Waliendelea kula.

Wapo wanaoendelea kutafuta, hapa na kwingine, na huenda siku moja wakapata. Hiyo siku moja si ya mwezi huu, na huenda isiwe ya maisha yako. Na kifaa nacho nisikupambie: hutasikia kama zamani. Sauti itakuja kama redio isiyoshika stesheni vizuri, na itakubidi ujifunze upya kuijua sauti ya mkeo. Miaka miwili iliyopita ingekuwa rahisi zaidi. Miaka hiyo niliichukua mimi.

Sikuombi unisamehe katika barua hii, maana ningekuwa nakuomba kitu kingine tena. Naomba utie saini ile karatasi. Wifi ameiweka ndani ya kabati la vyombo, chini ya sahani za wageni. Na Jumamosi uende darasani, kwa kuwa kifaa kikikubali au kikikataa, mtoto yupo.

Mama nitamwambia mwenyewe, usimwambie wewe. Mpe wifi salamu na umwambie asante kwa barua yake. Binti yetu umwambie shangazi anamsalimia, umwambie kwa mkono hata ukikosea. Na ukipita kwa kinyozi, mwambie akate.

Ni mimi mdogo wako,
mwosha vizimba.