Mwendo wa Salamu

Jumapili jioni, Bariadi. Upepo wa kiangazi umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria. Nimekaa uani, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, naandika kwa simu.

Leo nimekimbia nusu marathoni ya hapa mjini kwa saa moja, dakika thelathini na tisa na sekunde arobaini. Kwa miaka mitatu nilitafuta kushuka chini ya saa moja na dakika arobaini. Nimeshuka. Ila tangu asubuhi sijui furaha hii niiweke wapi.

Njia niliyotumia ni ya marehemu mume wangu, baba Minza, na yeye akiwa hai sikuwahi kuifuata hata mara moja.

Masunga, ndilo jina lake, alikuwa fundi baiskeli. Hakuwahi kushiriki mbio zozote. Nikienda mazoezini alinifuata nyuma na baiskeli yake, akipiga mluzi. Ujuzi wake aliutoa kwenye kulima na ng'ombe kwao Nkololo. Alisema maksai anayevuta kwa pupa alfajiri, ikifika saa tatu amelala chini na nira shingoni, na hapo hata umpige vipi hainuki.

Huku kwetu huwezi kumpita mtu mzima barabarani bila salamu, hata ukiwa unakimbia. Sisi wakimbiaji jambo hilo linatusumbua. Yeye akaligeuza kuwa kipimo. Kilomita kumi za kwanza, mtu akikuambia "Mwangaluka", umwitikie vizuri, akuulize habari za nyumbani, umjibu "Mhola duhu", kwamba ni salama tu, na usiheme katikati. Ukishindwa kumaliza salamu, umekwenda mbio mno. Kutoka kumi hadi kumi na sita, litoke neno moja tu. Baada ya hapo usiweze kumwitikia mtu yeyote. Ukiweza, ujue ulibania nguvu.

Aliuita mwendo wa salamu.

Nilimcheka. Nilikuwa nimenunua saa ya kukimbilia na nimesoma mengi mtandaoni. Nilimwambia mbio siyo kilabu cha pombe, watu hawaji kujuliana hali. Akacheka na yeye, akaendelea kuziba pancha.

Mwaka juzi niliingia kwenye mbio hizi na mpango wangu mwenyewe: kujiwekea akiba ya muda mapema. Kilomita tano za kwanza nilizikimbia kwa dakika nne na sekunde ishirini kila moja. Wazee walinisalimia, sikumwitikia hata mmoja. Akiba ile iliisha kabla sijafika kumi na mbili. Kwenye kilomita ya kumi na sita, Masunga alipokuwa ananingoja na maji, nilifika natembea, mkono kiunoni.

Alishuka, akatembea na mimi huku anakokota baiskeli. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Mama Minza, leo umesalimia wangapi?"

Alikuwa ananitania. Siku ile sikusikia utani. Watu walikuwa wamejaa pembeni wakitutazama, na mimi nilikuwa na aibu kuliko uchovu. Nikamwambia kwa sauti, wote wasikie, "Niondokee hapa na salamu zako. Kila siku maneno ya ng'ombe, ng'ombe. Mimi siyo ng'ombe wako."

Akanipa chupa ya maji, akapanda baiskeli, akaenda.

Miezi minane baadaye alifariki. Homa ya siku nne. Katika miezi hiyo yote tulikula pamoja, tulipalilia pamoja, tulimpeleka Minza shule ya bweni. Lakini nikitoka kukimbia, hakunifuata tena. Nilijua amekasirika. Nikasema moyoni, atakapopoa atakuja mwenyewe.

Mwaka jana sikukimbia. Nilikuwa na msiba.

Leo nimeacha saa nyumbani. Nilitaka kumtii, hata kama nimechelewa kiasi hiki. Tulipoachiwa, wasichana wadogo walinipita kama maji, nami nikabaki nyuma nikiitikia salamu. Kwenye kilomita ya tatu babu mmoja aliyesimama na ng'ombe wake alianza na hali ya nyumbani, akaja kwenye mvua, akaja kwenye pamba. Nilimjibu mpaka nikampita. Kijana aliyekuwa pembeni yangu akaniuliza kama nimekuja kukimbia au kutembelea ndugu. Watu wakacheka. Nilitamani kuongeza mwendo ili nimwoneshe. Mguu ulishaanza kwenda, nikaurudisha.

Kilomita kumi, mtoa maji alisema ni dakika arobaini na nane. Hapo ndipo nikaanza kutoa neno moja moja. Yule kijana nilimkuta kwenye kumi na nne, ameinama, ameshika magoti. Sikumtania. Niliwahi kuwa pale.

Baada ya kumi na sita niliacha kuitikia. Nikaanza kuwapita watu, mmoja baada ya mwingine, na kila niliyempita nilisikia uchungu badala ya raha. Ilikuwa rahisi namna hii. Miaka yote ilikuwa rahisi namna hii.

Njia ya kurudi inapita mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu, aliyehama Nkololo akaja kukaa pembezoni mwa mji, kama kilomita ya kumi na nane. Alikuwa amesimama kando ya barabara, kanga kichwani. Kwetu mkamwana hampiti mama mkwe wake amesimama. Unapiga goti, unasalimia. Nilimwona kwa mbali na nilikuwa na muda mrefu wa kuamua. Yeye hakuniita. Alinitazama tu, kimya. Nikampita. Nyuma nikasikia mwanamke mmoja akisema, "Mkamwana wa siku hizi."

Nilimaliza, nikaambiwa muda wangu, nikanawa uso. Mchana nikaenda kwake. Nilipiga goti hapo hapo mlangoni, nikaanza kuomba radhi. Nilidhani ule ukimya wake ulikuwa hasira.

"Inuka, mayu, inuka mama," akasema. "Ningekusalimia ningekuharibia. Masunga alinionya tangu mwaka juzi, kwamba ukifika hapa usiulizwe kitu."

Akanipa kiti na uji. Kisha, kama mtu anayesimulia habari za jirani, akasema siku ile ya mwaka juzi Masunga alipita hapo akitoka kwangu. Nikaweka kikombe chini. Nikamuuliza kama alikuwa na hasira.

"Hasira ya nini? Alicheka mwenyewe. Alisema umemfukuza kwa maneno marefu, kumbe pumzi unayo."

Nikamuuliza, basi mbona hakunifuata tena na baiskeli?

Mama alinitazama kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo linalojulikana. Akasema, "Si ulimwambia akuondokee? Alikuwa anangoja umwite."

Nimerudi nyumbani kwa miguu, taratibu. Watu njiani wamenipongeza, nimewaitikia wote.

Miezi minane. Mimi nilikuwa nangoja aje, yeye alikuwa anangoja nimwite, na nyumba yetu ina vyumba viwili tu.