Majina Bila Kabila

Kitshanga

Dada Nadine,

Nakusihi, haya yasimfikie hata shemeji.

Hapa ukungu umelala vilimani kama maziwa. Watafiti wanapima homoni za uzazi za akina mama. Ulaya walilinganisha wanawake weupe na weusi. Hapa wanataka makabila, na mimi ndiye ninayeandika orodha: jina na kabila la kila mama.

Mama Verdiane, mmoja wao, akitolewa damu, alicheka: “Homoni yangu iko Muhunde asubuhi, Munyarwanda magaribi?” Kisha akaninong'oneza: “Mutoto, na watu wa bunduki wakikamata hiyo liste?”

Nilikuwa kama ndotoni. Nikanakili majina yote upya bila kabila, nikaichoma orodha ya kwanza. Kesho mkuu wangu anaitaka ile yenye makabila.

Usinipigie simu. Alfajiri naondoka na Mama Verdiane kwenda kwao Kibabi. Ukituma mtu kunitafuta, aulize kwake, aseme ametumwa na Nadine wa Hombo.

Mdogo wako,
Francine