Jezi ya Bundi ya Osea Nzowa

Mwaka umekatika, Osea, tangu ulipotutoka Agosti ile ya 2011. Kwanza tukupe habari: ligi ya Wamarekani inakaribia kuanza, na hapa Tunduma hakuna anayejua kikosi cha Bundi kikoje msimu huu. Rafiki yako Andongwisye anasema bila wewe hawezi kupanga hata ukuta wa walinzi. Tulikuwa tunawacheka ninyi wawili, sasa kelele zile tunazitafuta hatuzioni.

Wasiokujua tutawaambia. Ulikuwa muuza mitumba sokoni, mzaliwa wa Igamba, mtoto wa wakulima wa kahawa ambaye jembe lilimshinda mapema. Ulisema kahawa haina maneno, nguo inayo. Belo ulilifungua polepole, ukainama, ukafumba macho kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali kwenye redio. Mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, ulimlaki kwa lugha yake, "Mwaiseni, bamayo!" yaani karibu mama, kabla hajafika kwenye meza yako. Na baridi ilipokaza mwezi wa sita, ulitenga masweta madogo chini ya meza, mtoto akipita anatetemeka ukamvika mwenyewe na kumfunga vifungo.

Neno moja tu lilikuudhi, mtu kuziita nguo zako kafa Ulaya. Hapo upole wote ulikwisha. "Hakufa mtu!" ulifoka. "Nani kakwambia kafa? Kanenepa huyo, nguo imembana!"

Ndipo likaja lile belo la jezi za kijani, pana mabegani utadhani zimeshonewa milango. Mgongoni namba na majina ya Kizungu, kifuani kichwa cha bundi, macho yamemtoka. Soko likarudi nyuma. Kafa Ulaya, tena na bundi juu yake! Nani ajitie mkosi huo? Ulivaa wewe, namba thelathini na moja. Ukaizungusha soko zima, ukaenda nayo Mpemba, ukarudi nayo. "Mnaona? Nipo." Ukakaa nayo miaka na miaka, na ulikuwepo kweli.

Dereva mmoja wa malori alikueleza kwamba hizo ni jezi za mpira wa Marekani, ule wa kushika kwa mikono na kupigana vikumbo. Safari iliyofuata akakuletea kanda ya video. Mliitazama wewe na Andongwisye, fundi cherehani wa kibanda cha jirani, kwenye banda la video pale Mpemba. Bundi walikuwa nyuma kwa pointi chache, wameukaribia mstari wa kufungia, mrushaji ameinua mkono, na kanda ikaisha. Hamkujua kamwe kama walishinda. Mkatoka nje mnapepesa macho juani, na tangu siku hiyo mkawa mashabiki.

Habari za timu mlizipata wapi? Kwenye belo, kwani kwingine ni wapi? Sheria uliiweka wewe: jezi ikionekana Tunduma, mwenyewe ameachwa kikosini au amehama timu. Basi kila belo lililokuja na jezi ya kijani lilikuwa gazeti lenu.

"Holanda huyu hapa," ulisema siku moja, umeinua jezi juu na kusoma jina la mgongoni. "Tazama kiwiko, kimekwisha. Nilisema mkono wa yule umechoka, msimu huu wasingembakiza."

"Na doa hili la njano kifuani?" Andongwisye akauliza.

"Dawa ya kuchua. Mbavu hizo."

"Sawa. Lakini mrushaji yuko hapa, wakimbiaji wako hapa, ukuta wote umeutundika kwenye misumari yako. Kule Marekani anabaki nani?"

"Basi kikosi kizuri kiko Tunduma," ukasema. "Wao watajijua."

Mkeo Loisi alikuwa nyuma yenu anashona vifungo, anajifanya hasikii. "Huo ni mchuzi," akasema bila kuinua uso. "Dawa gani inanukia vitunguu?" Mlimwambia mpira haujui. Alikuwa anaujua vizuri tu. Upepo wa mwezi wa nane ulipovuma, jezi zile zilizokosa wanunuzi zilivimba mabega, zikageukiana, zikasogea pamoja na kurudi, na Loisi aliacha sindano akawatazama wanavyofanya mazoezi. Alikuwa anawajua wote kwa majina. Hakukwambia, kwa sababu ungevimba kichwa.

Mwanao Amoni naye aliporudi likizo na elimu yake, akakuelimisha: "Baba, wachezaji wenyewe hawavai hizi. Hizi ni za mashabiki."

"Na shabiki hayumo kikosini?" ukamuuliza. Kijana akaenda kula.

Kisha homa ya mapafu ikakubeba upesi, hata kuagana hatukuagana vizuri. Watu ni watu, Osea. Hatujakaa sawa matangani wakaanza kunong'ona: ndege yule, si tulimwambia? Loisi aliyasikia yote. Aliifua ile jezi, akaikunja, akaifungia sandukuni, na mwaka mzima hakuna aliyeiona. Usiku alikuota uko Igamba kwenye ukungu, kati ya mikahawa, unatundika nguo kwenye kamba isiyo na mwisho. Kila akikuita unasema subiri, kikosi hakijatimia.

Siku ya kugawa nguo zako ilipokaribia, alimfungukia dada yako Anastazia. "Wifi, mimi naogopa. Jezi ikitoka nyumbani, ndiyo ameachwa kikosini. Ni sheria yake mwenyewe. Nikiificha wataniambia nafuga bundi. Na nikiitoa, wifi, nani ataigusa?" Anastazia alimshika mkono tu wakakaa hivyo.

Jumamosi iliyopita tukakusanyika nyumbani Igamba. Baada ya sala nguo zikawekwa mkekani. Mdogo wako Emanueli akachukua koti, na likamkaa vibaya kama tulivyotarajia. Kofia akapewa mjomba Isaka. Suruali, mashati, hata mkanda uliochoka ule ukapata mtu. Ikabaki jezi peke yake, bundi anatukodolea macho na sisi tunaangalia pembeni. Emanueli, ndugu yako wa tumbo moja, alijifanya anafunga kamba za viatu, na siku ile alikuwa amevaa ndala.

Mjomba Isaka akakohoa. "Hii ichomwe moto, yaishe."

Loisi alikuwa anasokota pindo la kanga yake.

Andongwisye alikuwa ameketi mlangoni, mahali pa wageni. Akainuka. "Wakubwa mnisamehe, mimi si ndugu wa damu. Naomba niisome tu kabla hamjaichoma." Akapiga goti mkekani, akaichukua jezi kwa mikono miwili, akaielekeza kwenye mwanga wa dirisha, vilevile ulivyokuwa ukifanya wewe.

"Bega la kulia limelika," akasema. "Huyu alibeba mabelo. Kola imepauka nyuma, huyu aliketi juani akipiga domo. Hapa tumboni pamevutika. Huyu alipikiwa vizuri." Kicheko kikamponyoka Anastazia, akajiziba mdomo. "Na hapa kwapani pana uzi mweusi kwenye jezi ya kijani. Fundi gani huyu?"

"Umeme ulikatika," Loisi akasema. "Nilipapasa tu."

Akacheka, Osea. Mkeo alicheka mpaka kanga ikamdondoka, na sote tukacheka naye, na katikati ya kicheko kile akaanza kulia, kilio alichokuwa amekibana mwaka mzima.

"Usilie, shemeji," Andongwisye akasema, na kwa mazoea tu akaongeza, "hakufa m..."

"Alikufa, Andongwisye," Loisi akasema. "Osea alikufa. Ivae."

Akaivaa pale pale mbele ya mjomba Isaka. Ilimbana, maana tumbo lake unalijua, bundi akatanuka uso mpaka akawa kama anatabasamu. Mjomba akatikisa kichwa. "Haya, mkosi ukija utajua njia ya kwako," akasema, lakini chakula kilipoletwa alisogea kumpisha akae karibu naye.

Jumatatu Loisi alifungua belo jipya sokoni. Mama mmoja wa Nakonde, ambako mitumba huitwa salaula, akamgusa Andongwisye mkono wa jezi, akaurudisha mkono wake haraka. "Salaula hii ina bundi! Mwenyewe alikufa?"

Andongwisye akamtazama Loisi. Loisi akainua uso kutoka kwenye nguo.

"Hii si kafa Ulaya, bamayo. Huyu kafa hapa hapa Tunduma. Ni mume wangu." Akaokota jezi nyingine ya kijani kutoka kwenye belo, akaikung'uta vumbi, akamrushia fundi. "Na kikosini bado yumo. Haya, shemeji, tupange ukuta."

Unakumbukwa na mkeo Loisi, watoto wako Imelda na Amoni, mdogo wako Emanueli, anayeomba radhi kwa habari ya ndala, dada yako Anastazia, mjomba Isaka, na Andongwisye, ambaye sasa ni ndugu. Thelathini na moja ni namba yako. Siku zetu zote tutakutaja, Osea.